Udongo mmoja, majina mawili: silti yenye kina kirefu kwenye ngazi za pwani

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Nimechimba shimo la uchunguzi la sentimita 170 kwenye uwanda tambarare ulio kama mita 30 juu ya bahari, nyuma ya jabali la pwani. Sentimita 35 za juu ni kahawia iliyokoza sana, laini kama unga. Kutoka 35 hadi 95 ni kahawia yenye umanjano, na udongo unavunjika kwa mabonge yenye nyuso zinazong'aa. Kutoka 95 hadi 150 kuna madoa ya kijivu na ya kutu. Chini ya hapo nimekuta kokoto za mviringo na mchanga, ghafla. Karatasi ya maabara nimeiambatanisha. Wapimaji wawili wamepita: mmoja kaandika Ultisoli, mwingine Umbrisoli. Walichokubaliana ni kwamba ni udongo wa silti na una kina kirefu. Nani yuko sahihi, na kwa nini udongo mmoja uwe na majina mawili?"

Jibu:

Marahaba. Nianze na hukumu ili usisome kwa wasiwasi. Kwa vipimo ulivyonitumia, aliyeandika Umbrisoli jina lake limeshathibitika. Aliyeandika Ultisoli huenda naye yuko sahihi, lakini jina lake bado linadai kipimo kimoja, tena cha udongo ambao hukuupeleka maabara. Hawapingani. Kila mmoja ameshika ufunguo wa mfumo wake: Umbrisoli ni jina la mfumo wa kimataifa, Ultisoli la mfumo wa Marekani, na mifumo hiyo miwili haiulizi maswali kwa mpangilio mmoja.

Yale mawili waliyokubaliana, silti na kina, ndiyo yenye sauti ndogo kuliko yote katika kuupa udongo huu jina. Silti, yaani chembe ndogo kuliko mchanga lakini kubwa kuliko mfinyanzi, inaeleza udongo ulikuja na nini. Jina linatafutwa katika yale yaliyoupata baada ya kufika: mvua ngapi zimepita ndani yake, mfinyanzi (chembe ndogo kabisa za udongo) umehama kutoka wapi kwenda wapi, kalsiamu imebaki kiasi gani, maji yanasimama kwenye kina kipi. Chimba shimo kama lako kwenye ngazi ya pwani (uwanda bapa) iliyo chini, karibu na ufuko. Unaweza kukuta silti ileile, kina kilekile, na jina tofauti kabisa, kwa sababu huko muda umekuwa mfupi.

Kwa hiyo tuanzie kwenye muda. Mahali uliposimama palikuwa ufuko. Mawimbi yalikata mwamba yakaacha sakafu bapa, na juu yake yakatandaza kokoto na mchanga, hizo hizo ulizozikuta chini ya sentimita 150. Ardhi inapoinuliwa, au bahari inaposhuka, sakafu ile hubaki juu na mawimbi huanza kukata nyingine chini yake. Ndivyo pwani nyingi zinavyopata ngazi, na kwa kawaida ngazi ya juu ndiyo kongwe. Kipindi kinachotajwa sana ni cha miaka kama 125,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto na bahari ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Ardhi inayoinuka kwa milimita 0.2 kwa mwaka ingekuwa imepanda mita 25 tangu wakati huo. Ongeza mita 6 na unafika 31, karibu sana na mita 30 zako. Hesabu hiyo usiiandike kama tarehe. Kasi ya kuinuka hutofautiana pwani kwa pwani, na kimo peke yake hakitoi umri. Nimekufanyia ili uone tunazungumzia muda wa aina gani: makumi ya maelfu ya miaka, ambao unatosha kabisa kuuchuja udongo.

Halafu kuna umri wa pili, wa silti yenyewe, nao si lazima ulingane na ule wa sakafu. Kokoto zinaweza kuwa kongwe na silti iliyozifunika ikawa changa mno. Wakati barafu ilipotanda zaidi duniani, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa mita zipatazo 120. Maeneo mapana ambayo leo yako chini ya maji yalikuwa nchi kavu, na upepo uliokota vumbi lake laini na kuliangusha bara. Vumbi la namna hiyo likirundikana huitwa loesi. Lakini silti ya pwani ina njia nyingine za kufika: inaweza kutulia polepole katika wangwa au ghuba iliyokingwa dhidi ya mawimbi, au kushushwa na mito na mvua kutoka vilima vya nyuma.

Njia hizo huacha alama. Silti iliyotulia majini mara nyingi huwa na mistari myembamba ya mlalo, vipande vya kombe, au mabaki ya mizizi ya mimea ya maji chumvi. Ile ya kutoka vilimani huchanganyika na changarawe zenye pembe, na huwa nene zaidi kuelekea mguu wa kilima. Ya upepo haina mistari, haina mawe, inafanana juu hadi chini, na inafunika ardhi kama shuka, mabonde na vichuguu vilivyo chini yake bila kuchagua. Shimo lako halina mistari wala kombe, ulaini ni uleule kwa mita moja na nusu, na mpaka wa chini umekatika ghafla. Mimi naegemea upepo. Ukitaka uhakika zaidi, chimba mashimo mawili matatu madogo kutoka ukingo wa jabali kuelekea bara, upime unene wa silti. Ikipungua unene taratibu kadiri unavyoiacha bahari, ushahidi wa upepo unakuwa na nguvu.

Sasa silti yenyewe, maana hili neno hutumiwa ovyo. Ni chembe zilizo kubwa kuliko mfinyanzi na ndogo kuliko mchanga. Mpaka wake wa chini ni milimita 0.002 kwa mifumo yote miwili. Mpaka wa juu ni milimita 0.05 kwa mfumo wa Marekani na 0.063 kwa mfumo wa kimataifa, kwa hiyo maabara mbili zinaweza kukupa asilimia tofauti za udongo mmoja na zote zikawa zimepima vizuri. Uliza ulipopimiwa walitumia mpaka upi.

Mkononi, silti kavu ni kama unga na ikilowa inateleza kama sabuni bila kunata sana. Ukiisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada itoke kama utepe, utepe unakatika mapema, kabla ya sentimita 2.5, na uso wake unapasukapasuka. Mfinyanzi ukizidi, kama kwenye tabaka lako la kati, utepe unafika sentimita 2.5 hadi 5. Katika gudulia la maji, punje ya milimita 0.05 hushuka sentimita 10 kwa sekunde kama 45, wakati ile ya milimita 0.002 inahitaji karibu saa 8. Kila kilichotulia katikati ya nyakati hizo mbili ni silti, na ndiyo sababu maji ya gudulia hukaa machafu jioni nzima.

Hapa nikuonye kuhusu silti ya uongo, kwa kuwa nimeshaona ikipoteza watu makini. Katika udongo mwekundu uliochakaa sana, oksidi za chuma hugandisha mfinyanzi kuwa vipunje vidogo vigumu vyenye ukubwa wa silti. Mkononi unasikia unga. Maabara wasipoutawanya vizuri kwa dawa ya sodiamu, nayo itasema silti. Kumbe zaidi ya nusu ni mfinyanzi. Majivu ya volkano nayo huleta hisia ya unga unaoteleza, na ukiyafinya yanatoa maji ghafla. Udongo wako hauko katika kundi lolote kati ya hayo. Uwezo wa kubadilishana kationi, yaani uwezo wa udongo kushika na kuachia chembe zenye chaji chanya kama kalsiamu, katika tabaka la kati ni sentimoli 14 kwa kilo, na mfinyanzi ni asilimia 29. Gawa 14 kwa 0.29 upate takriban 48 kwa kila kilo ya mfinyanzi. Mfinyanzi uliochakaa wa udongo mwekundu hauwezi kufika huko, kwani kipimo cha kuutambua ni 16 kushuka chini. Na uzito wa udongo wako wa gramu 1.25 kwa sentimita ya ujazo ni mkubwa mno kwa majivu ya volkano, ambayo kwa kawaida hayavuki 0.90. Hii ni silti ya kweli.

Silti ya kweli ina tabia ambazo naziheshimu na kuziogopa kwa wakati mmoja. Inahifadhi maji yanayofikiwa na mizizi kuliko karibu kila udongo mwingine: takriban milimita 200 kwa kila mita ya kina, huku mchanga wa chembe kubwa ukiishia hata robo ya hapo. Mchanga una matundu makubwa yanayoachia maji yote yashuke; mfinyanzi una matundu madogo mno yanayong'ang'ania maji hadi mzizi ushindwe kuyavuta. Silti iko pale katikati ambapo maji yanakaa na bado yanachukulika. Kwa sentimita 150 zako ghala kamili lingekuwa milimita 300. Lakini mizizi ya mimea mingi haitaingia kwenye tabaka lenye madoa ya kijivu, hivyo ghala linalotumika ni la sentimita 95 za juu, kama milimita 190. Ndiyo sababu nasema usikisifu kina kabla hujauliza mizizi inafika wapi. Kipimo cha mfumo wa Marekani huita udongo wenye sentimita 100 hadi 150 "wenye kina", na unaozidi 150 "wenye kina kirefu sana", lakini kinachopimwa hapo ni umbali hadi mwamba au kizuizi kigumu. Maji yaliyosimama hayahesabiwi. Wala kokoto zilizolala ovyo bila kushikamana hazihesabiwi kizuizi, kwa hiyo udongo wako kwa kipimo hicho unaendelea kushuka ndani ya kokoto.

Upande wa kuogopwa ni huu: chembe za silti hazishikani. Mfinyanzi una umeme wa usoni unaozivuta chembe pamoja. Mchanga ni mzito, hausombwi kirahisi. Silti haina gundi na haina uzito. Mboji ikipungua juu, matone ya mvua huvunja vibonge, vumbi linaziba matundu, na baada ya jua uso unakuwa ganda ambalo hata chipukizi linapata shida kulipasua. Maji yasiyoingia hutiririka, na silti ndiyo inayosombwa kwa urahisi kuliko ukubwa mwingine wowote wa chembe. Kwenye ukingo wa ngazi kuna hatari nyingine: maji yanayopita chini kwa chini kuelekea jabali huchimba mahandaki madogo ya mlalo, juu pakionekana pazima, mpaka siku dari linapoanguka. Kuta za silti zinaweza kusimama wima kwa miaka zikiwa kavu, kisha zikamomonyoka kwa mara moja zikilowa. Shimo lako la sentimita 170 likilowa usishuke ndani peke yako, na usishuke kabisa kama kuta hazijakatwa kwa ngazi. Hilo nakuomba sana.

Turudi kwenye madoa ya kijivu, kwa sababu wapimaji wako inaelekea waliyaona wakayapita. Kijivu hutokea pale maji yanapoziba hewa, vijidudu vikatumia chuma kwa kupumua, na chuma kikayeyuka na kuondoka. Kutu ni pale chuma hicho kilipokutana tena na hewa. Wengi wakiona kijivu karibu na bahari hudhani ni maji ya chini yanayopanda. Uko mita 30 juu ya bahari, sidhani. Nadhani sababu ni zile kokoto. Itashangaza, maana kokoto zinajulikana kwa kupitisha maji. Lakini matundu membamba ya silti huyavuta maji kwa nguvu, na matundu mapana ya kokoto hayana nguvu ya kuyavuta. Maji yanayoshuka hufika kwenye mpaka na kuning'inia juu yake, kama maji ndani ya sifongo iliyowekwa juu ya wavu: hayadondoki mpaka sifongo ijae kabisa. Kwa hiyo silti iliyo juu ya kokoto hukaa imelowa wakati kokoto chini yake zimekauka. Kagua mwenyewe. Kama kokoto zina rangi ya kutu au kahawia safi, bila ukijivu, maji yananing'inia kutoka juu. Kama nazo ni za kijivu na zinatoa maji, basi nimekosea na ni maji ya chini.

Sasa swali la msingi la uainishaji: je, mfinyanzi wa tabaka la kati umehamia pale, au ulikuja na silti tangu mwanzo? Tabaka la juu lina mfinyanzi asilimia 18, la kati 29, la chini 26. Mfumo wa Marekani unataka, kwa udongo ambao juu una asilimia 15 hadi 40, tabaka la chini liwe na mfinyanzi angalau mara 1.2 ya ule wa juu. Wako ni mara 1.6. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, kwani inawezekana upepo au maji yalileta vumbi la aina mbili kwa nyakati mbili. Kuna hesabu fupi inayofichua hilo. Utoe mfinyanzi kabisa, ubaki na mchanga na silti tu, kwa sababu hivyo havihami. Juu: silti 70 kwa mchanga 12, yaani silti ni asilimia 85 ya mabaki. Kati: 61 kwa 10, asilimia 86. Chini: 62 kwa 12, asilimia 84. Ni kitu kilekile kutoka juu hadi sentimita 150. Vumbi lilikuwa moja. Kilichobadilika ni mfinyanzi, na umebadilika kwa sababu maji yaliushusha. Zile nyuso zinazong'aa ulizoziona kwenye mabonge ni ngozi za mfinyanzi uliotulia ukutani mwa nyufa. Shika lenzi ya mkono utaziona zikiwa zimepaka hata ndani ya vitundu vya mizizi. Hili ni tabaka la mkusanyiko wa mfinyanzi bila ubishi, na ndilo ushahidi wako bora kwamba udongo huu umekaa hapo muda mrefu.

Sentimita 35 za juu nazo zina habari yao. Umesoma rangi kwenye kitabu cha Munsell ukapata 10YR 3/2 ukiwa na unyevu, kaboni ya mboji ni asilimia 2.4, na ujazo wa besi, yaani sehemu ya nafasi za kationi inayoshikwa na kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu, ni asilimia 38 kwa kipimo cha pH 7. Ni nene, ni nyeusi ya kutosha, ina mboji ya kutosha. Besi zingefika 50 lingeitwa tabaka la moliki, lile la udongo wa nyasi wenye rutuba. Chini ya 50 linaitwa la umbriki. Pwani zenye ukungu na mvua nyingi hutengeneza tabaka la namna hii kwa urahisi: mboji inarundikana, kalsiamu inaoshwa.

Hapa ndipo wapimaji wako walipoachana njia. Mfumo wa kimataifa, ule wa WRB (World Reference Base) ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022 ukiwa na makundi makuu 32, unasomwa kama mlango baada ya mlango. Kundi la kwanza ambalo udongo wako unatimiza masharti yake ndilo jina lake. Hurudi nyuma wala huruki mbele. Katika mpangilio wa sasa, mlango wa tabaka la umbriki unakuja kabla ya milango ya tabaka la mfinyanzi uliohama. Udongo wako ukifika hapo unaingia, na jina linakuwa Umbrisoli. Mfinyanzi hausahauliki, unatajwa kwa kivumishi. Silti nayo inatajwa kwa kivumishi cha Siltiki, kwa kuwa una zaidi ya sentimita 30 za tifutifu la silti ndani ya mita ya kwanza. Kama sentimita hizo za juu zingekuwa zimesombwa na mmomonyoko, mlango wa umbriki ungefungwa, na udongo uleule ungekuwa Alisoli au Luvisoli, kutegemea kama kati ya sentimita 50 na 100 aluminiamu inayobadilishika inazidi jumla ya kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Jirani aliyelima vibaya anaweza kweli kuwa na jina tofauti na lako, ng'ambo ya uzio.

Mfumo wa Marekani, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1975 na toleo la pili mwaka 1999, una oda, yaani makundi makuu, 12. Wenyewe ukishaona tabaka la mkusanyiko wa mfinyanzi unalipa uzito kuliko rangi ya juu ikiwa besi ni chache. Swali linalobaki ni moja: ni Alfisoli au Ultisoli? Yaani, chini kabisa kuna besi zilizosalia, au zimeoshwa zote? Mpaka ni asilimia 35, na mahali pa kupima pametajwa: sentimita 125 chini ya mwanzo wa tabaka la mfinyanzi, au sentimita 180 kutoka juu, popote palipo karibu zaidi. Tabaka lako linaanza 35. Ongeza 125 upate sentimita 160. Hapo ni ndani ya kokoto, na karatasi yako ya maabara inaishia 150.

Kuna mtego mwingine ndani ya hilo. Asilimia 35 ya Ultisoli inapimwa kwa jumla ya kationi katika pH 8.2. Karatasi yako imepima kwa pH 7. Katika pH 8.2 mboji na mfinyanzi hufungua nafasi zaidi, mgawo unakuwa mkubwa, na asilimia inashuka. Kwa hiyo asilimia 31 ya besi iliyoandikwa kwenye karatasi yako kwa tabaka la chini itakuwa chini zaidi ya 31 kwa njia ile, na hadi sentimita 150 hakuna shaka: besi zimeoshwa. Mpimaji aliyeandika Ultisoli inaelekea aliendeleza mstari hadi 160, na mimi ningebahatisha vivyo hivyo. Lakini chini ya mpaka ule ni mchanga wa ufukoni. Mchanga wa ufukoni unaweza kuwa na vumbi la kombe na matumbawe, na chokaa kidogo tu kinatosha kuirusha ile asilimia juu ya 35 na kugeuza jina lote kuwa Alfisoli. Jina lake haliwezi kusimama juu ya udongo ambao hakuna aliyeupima.

Kilicho chini ya oda kimeshaeleweka vizuri. Mfinyanzi umeshuka kutoka 29 hadi 26 tu, punguzo la kama asilimia 10 ya kiwango cha juu, wakati mfumo unahesabu punguzo la asilimia 20 ndani ya sentimita 150 kuwa ndiyo dalili ya tabaka jembamba. Lako ni nene, na udongo wa namna hiyo hupewa kiambishi "Pale", kutoka neno la Kigiriki la ukongwe. Kaboni ya asilimia 1.1 katika sentimita 15 za kwanza za tabaka la mfinyanzi inavuka 0.9, mpaka wa Ultisoli zenye mboji nyingi. Ikiwa ni Ultisoli basi, jina litakuwa Palehumulti. Ikiwa ni Alfisoli, na mvua ni za mwaka mzima, Paleudalfi. Katika familia, daraja la chini la jina hilo, silti inapata sauti yake hatimaye. Sentimita 50 za kwanza za tabaka la mfinyanzi zina mfinyanzi kati ya 18 na 35 na mchanga wa milimita 0.1 kwenda juu usiofika 15, kwa hiyo ni "silti laini". Uwiano wa 14 kwa 29 ni 0.48, nao unaangukia daraja la utendaji la 0.40 hadi 0.60. Halijoto ipime kwenye sentimita 50. Karibu na bahari tofauti ya kiangazi na kipupwe mara nyingi haifiki nyuzi 6, na hapo jina la daraja la joto huanza na "iso".

Kwa nini basi isiwe moja? Kwa sababu jina la udongo linajibu swali la aliyelitunga. Mfumo mmoja umeona kwamba kwa mtu anayeutumia udongo, mita ya juu na mboji yake ndiyo habari kubwa. Mwingine umeona kwamba historia ndefu ya kuoshwa, inayosomeka chini kabisa ambako jembe na mbolea havifiki, ndiyo isiyobadilika kirahisi. Nimefanya kazi na yote miwili na sioni sababu ya kumlazimisha mtu achague. Kwenye ripoti yako andika yote, kila moja na toleo la mfumo wake, na juu yake uandike maelezo ya shimo kama ulivyoniandikia mimi. Maelezo yale yatasomeka hata mifumo ikibadilishwa.

Kabla hujafukia shimo, subiri likauke vizuri, uwe na mwenzako juu, kisha chota udongo wa sentimita 155 hadi 165. Uchekeche kwa wavu wa milimita 2, utupe kokoto, upeleke ule uliopita, na uandike wazi kwenye fomu kwamba unataka ujazo wa besi kwa jumla ya kationi katika pH 8.2. Papo hapo dondoshea kidogo siki kali au asidi hafifu. Ukisikia mchemko au ukaona mapovu, kombe zipo na unaweza kukisia jibu kabla ya maabara. Omba pia sodiamu inayobadilishika, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi, na sodiamu ikifika asilimia 15 ya kationi, silti isiyoshikana huvunjika zaidi. Kisha kabla ya msimu wa mvua zamisha bomba lenye matundu hadi sentimita 145, lisiguse kokoto, na jingine hadi 165. Soma maji kwenye yote mawili kila wiki. Bomba fupi likijaa huku refu likiwa kavu, tutajua kwamba maji yananing'inia, na kama yamekaa juu ya sentimita 100 kwa siku 20 mfululizo, kundi dogo la jina lako nalo litabadilika. Niandikie namba zikifika.